Meno Matatu kwa Inchi

Jumatatu, 3 Februari

Mbao nne tu za saipras leo, halafu bledi ya msumeno wa mkanda ikakatika. Ya tatu tangu Krismasi. Imekatikia palepale kwenye kiungo ilipochomelewa. Mwenzangu Njoroge akaruka nyuma, mimi nikazima mashine. Hakuna aliyeumia. Tukanywa chai.

Mvule uko pembeni unatungoja. Vipande sita vinene, vya ule mti ulioangushwa na upepo nyumbani kwa marehemu baba, Bungoma. Umekauka miaka miwili chini ya bati. Kazi yake ni moja: milango ya kanisa jipya hukohuko Bungoma. Mchungaji anataka kila kipande kisimamishwe na kupasuliwa katikati, zile mbao mbili zifunguliwe kama kitabu, mistari ya mti iangaliane. Nimemwambia itawezekana. Ila mti ni mmoja. Tukiharibu kipande, hakuna pa kutoa kingine.

Njoroge anataka bledi ya meno mengi, ati inakula polepole na inaacha mbao laini. Mimi sitaki kusikia. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Miaka ishirini na moja tuko pamoja kwenye karakana hii ya Matisi, hapa Kitale, na hajawahi kunishinda kwa maneno, ila hachoki.

Nimegonga bega kwenye nguzo ya mlango tena. La kushoto. Nguzo hiyo niliichimbia mimi mwenyewe.

Jumanne, 4 Februari

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Naogopa macho yangu. Mbele naona vizuri. Kando ndiko kuna shida. Vitu vinatokea ghafla upande wa kushoto, kana kwamba vilikuwa vimejificha. Leo bodaboda nusura initupe mtaroni, na mwenyewe akanitukana ati nimelewa. Sijawahi kulewa tangu nioe.

Mwaka jana kulikuwa na kambi ya macho kanisani. Muuguzi alinipima akasema nina presha ya macho. Akanipa kichupa, tone moja kila jioni, nirudi baada ya mwezi. Kichupa kikaisha. Sikurudi. Presha si mgeni nyumbani kwangu, mke wangu Nafula anayo miaka saba. Nikaacha chumvi. Nikaanza kumega dawa yake, nusu kidonge kila asubuhi. Kichwa hakiumi, miguu haivimbi. Nadhani imeshuka.

Njoroge hajui. Akijua, hatakubali nisimame mbele ya mashine, na hapo atakuwa na haki. Lakini nina miaka hamsini na minne na sijui kazi nyingine. Nikitolewa kwenye mashine mimi ni nani? Nafula anasema nyumba ni ya mwanamume na msumari ni wa fundi. Hata sijui maana yake, ila leo imenikaa kichwani.

Alhamisi, 6 Februari

Bungoma. Nimekwenda mwenyewe kununua bledi. Njoroge alikuwa amepiga simu kwanza. Yeye ni wa Kachibora lakini wazazi walitoka Nyeri, na anasema "bredi". Muuzaji ni Mbukusu mwenzangu, naye akamjibu "bredi". Wakaelewana vizuri sana. Mtu angepita angedhani wanaagiza mkate.

Muuzaji alinitandikia bledi tatu mezani. Ya kwanza nusu inchi upana, meno kumi kwa inchi. Hiyo ndiyo aliyoitaka Njoroge. Nzuri kwa mbao nyembamba na kwa kukata kona. Ukiisukumia mvule wa inchi nane kwenda juu, unga wa mbao hauna pa kwenda. Meno yamebanana, hakuna mabonde kati yake ya kuubeba. Unajaa, bledi inapata moto, inaanza kutanga. Unaanza katikati ya mbao, unatokea pembeni. Nimeona hiyo aibu mara nyingi kwa wenzangu.

Ya pili inchi nzima, meno mawili. Dude. Muuzaji aliisifu sana. Lakini najua mashine yangu. Springi yake haiwezi kuvuta mkanda wa upana huo ukakaza. Bledi pana iliyolegea ni mbaya kuliko nyembamba iliyokazwa. Nikairudisha.

Ya tatu robo tatu ya inchi, meno matatu. Yameinama mbele kidogo kama kucha za paka, yamepindishwa moja kushoto moja kulia, na mabonde yake ni mapana. Ncha za meno ni za chuma kingine, kigumu, na mgongo ni wa chuma laini kinachokubali kupinda. Hilo ni muhimu kwa mvule. Mvule hubeba mawe tumboni, kila fundi wa huku anajua. Mti unayatengeneza wenyewe, meupe, magumu, na huwezi kuyaona mpaka yakutane na jino.

Muuzaji akanikabidhi rula nihakikishe. Nikaweka bledi mwangani pale mlangoni. Moja, mbili, tatu, inchi. Moja, mbili, tatu, inchi. Bila miwani. Nikahesabu nusu ya mkanda mzima, muuzaji ananitazama kama mtu asiyeniamini. Sikuwa nahesabu kwa ajili yake. Mtu anayeona jino la bledi hawezi kuwa anapofuka. Nilitoka dukani mwepesi kuliko nilivyoingia.

Jumamosi, 8 Februari

Tumefunga bledi mpya. Njoroge ameitazama, amesema hayo si meno, ni majembe. Nikamwambia angoje.

Nimekaza mpaka ukiipiga kidole inalia badala ya kunung'unika. Nimepanga ubao wa kuongozea, nikajaribu kwa kipande cha mkaratusi. Imenyooka. Njoroge alipitisha kidole kote, mwisho hadi mwisho, halafu akaenda kufagia. Hivyo ndivyo anavyokubali.

Kitu kimoja kinanikera. Mashine ikiwaka hatusikizani, kwa hivyo tangu zamani tuna ishara. Mimi nasukuma, yeye yuko ng'ambo, kidogo kushoto kwangu, anapokea. Akiinua kiganja, nasimama. Kiganja kilikuwa kinakaa usawa wa bega lake, na kilitosha. Siku hizi ananyoosha mkono mpaka karibu na pua yangu kama polisi wa barabarani. Nimemwuliza mimi ni matatu? Akacheka tu.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Nimekanyaga mguu wa mama mmoja nikiingia kwenye benchi. Akasema si neno. Nafula aliniangalia muda mrefu.

Jumatatu, 10 Februari

Vipande viwili vya mvule. Vyote viwili safi!

Sijui kama kuna furaha kubwa kuliko hii kwa mtu wa kazi yangu. Unasukuma polepole, bledi inaimba sauti moja, unga unatoka mrefu na mkavu, haunuki moto. Halafu mbao inafunguka. Ndani ni rangi ya asali, na mistari ya upande mmoja inamtafuta mwenzake wa upande wa pili. Njoroge alivua kofia. Kweli, alivua kofia mbele ya ubao.

Unene umetofautiana kwa unywele tu kati ya mwanzo na mwisho. Nilisema bledi ndiyo hii na nilikuwa sahihi.

Jumanne, 11 Februari

Vipande viwili tena. Kwenye cha nne tulikutana na jiwe dogo. Cheche, mlio mbaya, Njoroge akaniwekea kiganja usoni, nikazima. Meno mawili yamepoteza makali kidogo, bado yanafanya kazi. Bledi ya meno kumi ingekufa pale.

Vimebaki viwili. Mchungaji amepiga simu ati Askofu anakuja mapema, tuharakishe. Nimemwambia mvule hauna Askofu. Nafula alinigombeza kwa kusema hivyo.

Jumatano, 12 Februari

Nimemkata Njoroge.

Alhamisi, 13 Februari

Niandike kama ilivyokuwa, nisije nikaanza kuipamba.

Kipande cha tano, saa tatu asubuhi. Tulikuwa tumefika katikati. Macho yangu yalikuwa chini, naangalia kama mti unalala sawa kwenye ubao wa kuongozea. Njoroge aliona kitu cheupe juu ya kipande, kwenye mstari, mbele ya bledi. Akaogopa kwamba ni jiwe kubwa. Akainua kiganja cha kushoto. Kisha akapeleka mkono wa kulia kufuta unga pale juu, aone vizuri. Alifanya hivyo kwa sababu kiganja kikiinuka mimi husimama. Miaka ishirini na moja nimesimama.

Sikukiona. Nilisukuma.

Si kelele niliyoisikia kwanza. Ni bledi kubadilisha sauti kidogo sana, kama inavyofanya ikiingia mti laini.

Kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, kutoka kwenye kiungo cha pili. Nilizima, nikamfunga kwa shati langu, jirani wa uchomeleaji akatupeleka na gari lake. Njoroge hakulia. Alikuwa anarudia tu kwamba halikuwa jiwe, ilikuwa chaki yetu wenyewe ya kuchorea mstari.

Ijumaa, 14 Februari

Hospitali. Mkono umefungwa mkubwa kama mkate. Vidole haviwezi kurudishwa.

Mkewe, Mama Muthoni, alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alinisalimia vizuri, hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akasema ni ile bledi. Akasema mume wake alimwambia tangu mwanzo kwamba hiyo bledi ina meno ya shetani, inavuta, na kwamba mimi nilikataa ile nyingine. Mafundi wawili waliokuja kumwona wakaitikia. Meno machache hunyakua, wakasema, kila mtu anajua. Mmoja wao hajawahi kugusa mashine ya mkanda maishani mwake.

Mchungaji naye alikuwapo. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo! Nilitamani kumtoa nje. Koleo linanunuliwa.

Wote wakanigeukia. Nikasema pengine ni bledi.

Nimesema hivyo. Kwa mdomo wangu. Njoroge alikuwa macho, ananitazama.

Jumamosi, 15 Februari

Nimefungua karakana peke yangu. Damu nimeifuta. Kipande cha tano bado kiko kwenye mashine, kimepasuka nusu. Nimepima ile nusu. Imenyooka kabisa. Bledi haina kosa hata chembe na mimi nimeisingizia mbele ya watu.

Nikasimama mahali pangu, nikaangalia chini kama siku ile, nikanyoosha mkono wangu mwenyewe wa kushoto nikauinua usawa wa bega. Nikautafuta. Ulikuwa haupo. Nikausogeza polepole kuelekea usoni. Haupo. Haupo. Halafu vidole vikatokea vyote mara moja, karibu na pua.

Nilikaa chini kwenye unga.

Jumatatu, 17 Februari

Duka la dawa, mjini Kitale. Nilimwuliza dada wa pale kama kuna dawa ya presha yenye nguvu kuliko ya mke wangu, kwa sababu yangu imefika machoni. Alianza kutabasamu. Akaniuliza ni nani aliyeniambia nina presha. Nikamweleza kambi, kichupa, chumvi, nusu kidonge.

Akaacha kutabasamu. Akasema, "Mzee wangu, presha ya macho sio presha ya damu. Hiyo iko ndani ya jicho yenyewe. Ni ile dawa ya kudondosha ndio ilikuwa inakusaidia."

Neno moja. Wangeupa ugonjwa jina lingine lolote, ningerudi kwa muuguzi. Niliposikia presha nilidhani naijua, nikaona hakuna haja ya kuuliza. Mwaka mzima nakula mboga bila chumvi, namwibia mke wangu dawa, na jicho linakufa polepole. Hakuna mtu wa kulaumu. Nimetafuta, hakuna.

Nimemwambia Nafula. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama ndiyo maana vidonge vyake vilikuwa vinaisha kabla ya mwezi.

Jumatano, 19 Februari

Sijafungua. Sina la kuandika.

Ijumaa, 21 Februari

Njoroge ametoka hospitali, yuko kwake Kachibora. Nimeambiwa anajifunza kushika kijiko kwa kushoto. Kesho naenda. Nikikaa kimya, kila fundi wa Kitale ataendelea kusema ni bledi, nami nitaendelea kusimama mbele ya mashine mpaka nimkate mwingine. Nikisema, nimekwisha. Ni hivyo tu. Nimegeuza maneno usiku kucha na hayana upande mzuri.

Jumamosi, 22 Februari

Nimesema.

Walinikaribisha sebuleni. Mama Muthoni akaleta chai na ndizi za kuchemsha. Nilikataa kula kwanza. Nikawaambia wote wawili kwamba bledi ilikuwa nzuri, kwamba mimi ndiye sikuona kiganja, kwamba upande wa kushoto sioni kitu na nilijua kuna tatizo tangu mwaka jana, nikaficha. Nikawaambia pia nilichosema hospitalini kilikuwa uongo. Nilisema yote bila kupumzika kama mtoto anayekariri.

Njoroge alikuwa anaangalia mkono wake. Akasema, "Baba Nasimiyu, hiyo maneno mimi najua kitambo. Kila siku unagonga hiyo nguzo bana. Si ndio maana nilikuwa nakuwekea mkono hapa mbele ya uso. Hiyo siku niliona hiyo kitu nyeupe nikashtuka, nikainua ya kawaida. Ni mimi nilisahau."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Mwaka mzima.

"Ningekuambia halafu uende wapi?"

Mama Muthoni aliweka birika chini. Alimtazama mumewe, kisha mimi, kisha mumewe tena. Alisema kwa sauti ya chini sana kwamba sisi wawili ni wajinga, na kwamba mjinga mmoja amemaliza mkono na mwingine amemaliza macho, na yeye ndiye atakayelima. Akatoka nje. Nilingoja arudi nimuombe msamaha peke yake. Hakurudi mpaka nilipoondoka. Nilimwona kwa mbali shambani, ameinama.

Njoroge alinisindikiza mpaka barabarani. Alitembea upande wangu wa kushoto.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi mwingine wa mjini amemaliza kazi. Kipande cha tano nusu iliyobaki, na cha sita. Ametumia bledi ileile, mashine ileile. Nilikaa kwenye stuli pembeni, nje ya njia. Zimetoka nzuri. Mchungaji amezichukua. Amesema Askofu amesogeza safari.

Njoroge alikuja kutazama. Tumekubaliana mashine itakodishwa na yeye atasimamia, atapanga, atapima. Mimi nitapiga msasa na kupaka vanishi, kazi za karibu. Alijaribu kushika penseli ya seremala kwa kushoto, ikaanguka, tukaiacha pale chini wote wawili.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki ya macho, Bungoma. Nafula alinishika mkono kuvuka barabara na sikukataa.

Nimepewa kichupa, tone moja kila jicho, kila jioni, mpaka nife. Daktari ni kijana mpole. Alieleza taratibu kwamba kilichokwenda hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Alinichorea kwenye karatasi. Nafula aliuliza maswali yote ambayo mimi ningepaswa kuuliza mwaka jana.

Kabla ya hapo kulikuwa na kipimo. Chumba kidogo cha giza. Unaweka kidevu kwenye kiegemeo cha plastiki, unatazama nukta moja mbele, unapewa kitufe mkononi. Kila ukiona taa ndogo, popote pale, bonyeza. Walianza na jicho la kulia. Taa zilikuja chache, zote katikati, nikabonyeza zote. Nilijiona nafanya vizuri. Kisha akaniziba jicho la kulia, akasema sasa la kushoto, tazama nukta, usihame. Nikatazama. Nikashika kitufe tayari. Chumba kilikuwa kimya, mashine inavuma kidogo. Nilikuwa mtulivu sana, nashangaa mwenyewe.

Baada ya muda mrefu daktari akawasha taa ya chumba akasema, "Asante mzee, tumemaliza."

Mimi nilikuwa bado nangoja aanze.